Fukara wa Meza ya Wazi

Kama kuna kitu kinachonitia kinyaa katika dunia hii, ni mtu aliyevaa tai kukuuliza swali ambalo jibu lake ameshalitengea nafasi: hapa ndiyo, hapa la, basi. Nimeyaona mengi dukani kwa Najmuddin, hapa Ndia Kuu, ninapouza misumari, bawaba na makufuli tangu nilipoacha shule. Nimeona wateja waliorudisha kufuli baada ya mwaka mzima wakadai halijafunguliwa hata siku moja. Hao nawasamehe. Ile Meza ya Wazi ya mahakamani siisamehe.

Shangazi yangu Mejumaa alikuwa na nyumba Majengo. Nasema nyumba, sisemi kiwanja. Hapa kwetu Mombasa mtu hujenga nyumba yake kwa jasho lake juu ya ardhi ya mwingine, akawa analipa kodi ya ardhi kila mwezi, na mambo yakaenda hivyo toka babu hadi mjukuu. Nyumba ni yako, mchanga si wako. Marehemu mumewe aliisimamisha kwa boriti na udongo. Yeye akaipiga plasta, akaiezeka mabati, akatia milango ya mvule. Hakujaliwa mtoto. Vyumba viwili alivipangisha, akala kwa kodi hiyo, na jioni akakaa barazani pake akiitikia salamu za kila apitaye. Ile nyumba ndiyo iliyokuwa maisha yake yote.

Mwaka wa tisini na nane mwenye ardhi akafariki, watoto wake wakauza, na mnunuzi mpya akaleta barua: ondoa nyumba yako, nataka mchanga wangu.

Cha kumzuia kilikuwa kimoja, amri ya mahakama. Lakini ada ya kufungua kesi ya nyumba, mimi na mshahara wangu wa misumari tusingeifikia hata tungeshinda na maji matupu. Najmuddin, ambaye watu humwita bahili na mimi nimo, aliniita kando akasema atanikopesha. Nilipomfikishia shangazi, alikataa katakata. Hajaingia deni toka azaliwe, akasema, na hana nia ya kuanza uzeeni.

Ndipo tukasikia redioni habari za mageuzi. Wafadhili walikuwa wameleta mpango mahakamani kwetu: asiye na uwezo afungue kesi bure, wakili wa kujitolea amwandikie, na kesi isikizwe upesi. Nafuu hiyo ilikuwako sheriani tangu zamani, lakini uliifuata chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, mbele ya karani aliyetaka chai kwanza. Mji mzima ulikijua kile chumba na mji mzima ulikichukia. Sasa wakakivunja. Wakaweka meza ndefu katikati ya ukumbi, wakaiita Meza ya Wazi, na kila neno likawa linasemwa hapo kwa sauti, watu wote wakisikia, ili karani asipate pembe ya kuombea rushwa. Nami nilishangilia, sitaki kusema uongo. Aliyeifikiria meza ile hakuwa mjinga. Tatizo lake ni kwamba hakuwa mtu wa hapa.

Siku ya kwenda, nilimkuta shangazi amevaa buibui lake la Idi. Alikuwa amejifukiza udi, ametia wanja, na masikioni ana vipuli vya dhahabu alivyoazima kwa jirani.

"Shangazi," nikamwambia, "twaenda kuomba tusamehewe ada."

"Naenda mbele ya hakimu, Chirau. Wataka nende na kanga ya kuoshea vyombo? Atasema huyu hakulelewa."

Ningebishana na nani? Hata mimi nilikuwa nimevaa shati la Ijumaa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nusu ya Majengo ilikuwapo, maana mnunuzi alikuwa amewapelekea barua wengi. Nyuma ya meza alikaa karani, kijana aitwaye Charo, mwenye sauti ya mnadani. Pembeni, karatasi mapajani, jasho likimchuruzika ndani ya koti, alikaa bwana mmoja kutoka Nairobi. Huyo ndiye Jared. Kazi yake, tulikuja kujua, ilikuwa kuifuatilia Meza ya Wazi kwa niaba ya wafadhili. Alichagua watu kadhaa akawafuata toka siku ya kwanza hadi kesi zao zinapokwisha, ili ijulikane kama haki imekuwa rahisi kuipata.

Zamu ya shangazi ikafika. Akasimama wima, akaanza kama mtu yeyote mwenye adabu anavyoanza.

"Hujambo, mwanangu? Habari za kazi? Wazee nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Una uwezo wa kulipa ada?"

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi unao, au alhamdulillahi huna?"

"Twamshukuru Mungu, mwanangu. Hatuyalala ndaa."

Watu wakacheka kidogo, cheko la aibu: kutolala njaa si kuwa na ada. Charo hakucheka. Alikuwa amefundishwa kazi yake wiki nzima hotelini, na aliifanya kama alivyofundishwa.

"Mama, nafuu hii siwezi kukupa kwa kukukisia. Lazima useme mwenyewe, kwa kinywa chako: mimi ni fukara. Hawa wote wasikie. Hao ndio mashahidi wako."

Shangazi akageuka kuwatazama hao mashahidi. Kulikuwa na mwanamke ambaye shangazi ndiye aliyemfunda siku ya harusi yake. Kulikuwa na muadhini wa msikiti wetu. Kulikuwa na mpangaji wake mwenyewe, anayemlipa kodi. Nikamwona amekaza kidevu.

"Nina nyumba yangu," akasema. "Mungu kanisitiri."

"Ana nyumba," Charo akatangaza huku akiandika, "na ananukia udi. Ombi halikubaliwi. Anayefuata!"

Nikaruka hadi mezani. "Muulize kando, bwana! Mtu mzima huyu. Mwite pembeni muulize, atakwambia."

"Siku hizi hakuna kando, kaka," Charo akanijibu, bila hasira. "Kando ndiko kulikokuwa na rushwa."

Nilitaka kumpiga kofi, na kilichonizuia ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Mlangoni Jared akatupokea kwa tabasamu. Akajieleza, akamwomba shangazi ruhusa ya kumfuatilia, naye akampa, maana angemnyimaje mgeni? Kisha akauliza, "Mama, leo umehudumiwa namna gani?"

"Vizuri mno, mwanangu. Mungu akuweke."

Nikachungulia karatasi. Alikuwa ametia alama: ameridhika sana.

"Ameridhika nini?" nikamvaa. "Si wamemfukuza!"

"Lakini amesema mwenyewe, kaka."

Hapo ndipo roho ilipoanza kunichafuka. Kwetu, ukimuuliza mtu hali yake, atakwambia salama hata kama maiti imelazwa ukumbini. Hilo si jibu, ni adabu. Umkalie, unywe kahawa yake, umuulize tena mkiwa wawili, ndipo utakapoambiwa. Mtoto wa miaka minane wa Majengo analijua hili. Jared alikuwa na shahada, na aliondoka na salamu akidhani amepata habari.

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alinivuta kando, yeye ambaye kando aliruhusiwa, akaninong'oneza: "Mrudishe wiki ijayo. Aseme hilo neno moja tu. Neno halimgharimu mtu kitu."

Sikumrudisha mimi. Vijana wa mnunuzi walipita mtaani na kopo la rangi nyekundu, wakatia alama kubwa kwenye ukuta wa kila nyumba itakayovunjwa. Ya shangazi waliitia barazani, juu kidogo ya pale anapoegemea. Siku ya pili akaniita.

"Twende."

"Tusiende, shangazi. Niache nikakope kwa Najmuddin. Nitalipa mimi."

"Utalipa na nini? Utaniulia ujana wako kwa nyumba ya kizee. Twende, nikaseme walitakalo."

Alivaa kanga ya kuoshea vyombo. Udi hakujifukiza. Mbele ya meza, Charo alimtambua, akauliza swali lile lile kwa sauti ile ile, na shangazi, bila salamu, bila habari za kazi, akasema.

"Sauti, mama. Wa nyuma hawakusikia."

"Miye ni fukara."

Kisha mwanamke mmoja katikati ya mabenchi akasema, "Maskini!" Alisema kwa huruma ya kweli, mkono kifuani. Shangazi alisimama akitazama mhuri wa Charo ukipanda na kushuka, na uso wake ulikuwa kama anamtazama mtu mwingine akivuliwa nguo.

"Hongera, mama," Charo akasema, akampa karatasi zake.

Na niseme haki, mambo yalikwenda. Wakili wa kujitolea, binti mmoja aitwaye Caroline, aliandika kesi siku ile ile. Kabla ya wiki kwisha amri ikatoka: nyumba isiguswe mpaka kesi isikizwe. Hakuna aliyetuomba chai. Vijana wa mnunuzi walikuja na nyundo, wakasoma amri mlangoni, wakaondoka zao. Nilicheza ngoma mwenyewe pale uwanjani, watu wakinicheka. Nilidhani tumeshinda.

Mwezi uleule kulikuwa na harusi mtaa wa pili. Kwetu harusi ya mmoja ni ya mtaa mzima, na wanawake huchangishana: huyu samli, yule mbuzi, yule kanga za bibi harusi. Shangazi hakuwahi kukosa. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeshika funguo za stoo siku za shughuli, akagawa vyakula, akagombana na wapishi. Safari hii akangoja aitwe. Hakuitwa. Akavaa buibui akaenda mwenyewe, akatoa fungu lake, na wenye shughuli wakamrudishia mkononi.

"La, Mejumaa. Wewe tumekusamehe. Hali yako twaijua."

Walikuwa wamekaa kikao wakakubaliana kumpunguzia mzigo. Wakampa kiti kizuri, karibu na mlango, wakamletea sahani yake ya kwanza. Funguo za stoo alikuwa nazo mwingine. Hakuna aliyemdharau, na ndiyo maana nasema inatia kichefuchefu. Angedharauliwa ningejua wa kumtukana.

Mpangaji wake naye, mtu mwema, akaanza kumlipa kodi kabla ya mwezi kuisha, huku akiinamisha kichwa kama anayetia sadaka. Muuza maji akakataa pesa zake. Shangazi akaacha kukaa barazani. Jioni unapita, unaona mlango umefungwa, na ile alama nyekundu ukutani peke yake. Ukibisha hodi anaitikia, "Karibu," lakini anafungua mlango nusu.

Kisha ikaja Ramadhani, na mwisho wake fitri. Kila Muislamu aliye na chakula cha ziada hutoa kipimo cha mchele kwa ajili ya maskini kabla ya sala ya Idi. Siku ile ya mwisho nilikwenda kwa shangazi kumpelekea tende. Ukumbini, juu ya mkeka, palikuwa na vifuko vya mchele. Vifuko vya karatasi, vya plastiki, kimoja kimefungwa na kitambaa. Nikadhani ni vyake vya kutoa.

"Nikakupelekee kwa nani?" nikauliza.

"Ni vyangu," akasema.

Wakati bado naambiwa, hodi ikapigwa. Alikuwa mama muuza viazi karai wa uchochoro wa nyuma, mjane asiye na hata mlango wa kufunga. Miaka yote fitri yake ilitoka nyumba hii. Alikuwa amebeba kifuko.

"Nimekukumbuka, Bi Mejumaa," akasema, macho yanang'aa. "Na miye mwaka huu Mungu kaniwezesha kutoa."

Shangazi akakipokea kwa mikono miwili. Akamwombea dua. Akasubiri mpaka mjane amefika mwisho wa uchochoro, ndipo akakiweka mkekani pamoja na vingine.

Jared akatukuta hivyo. Alikuwa amekuja na maswali yake ya kati, tai ameilegeza kwa heshima ya joto letu. Shangazi akamkaribisha kiti, akamtandikia meza ndogo, akamwekea tende na kahawa kwa kuwa yeye hafungi. Jared akasifu nyumba. Akasema nyumba hii imeokolewa na mageuzi, na shangazi akamwambia ndivyo.

"Nina swali moja tu limebaki, mama. Mpaka sasa kesi hii imekugharimu kitu gani?"

Vifuko vilikuwa miguuni pa Jared. Alikuwa amevivuka alipokuwa akienda kwenye kiti.

"Hakuna, mwanangu," shangazi akasema. "Bure kabisa."

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Mwambie!"

"Nimwambie nini? Mgeni huyu. Mtilie kahawa."

Jared akaandika, akanywa kahawa, akashukuru sana. Nikamfuata hadi njiani. Nikamweleza yote, mate yakinitoka: harusi, funguo, muuza maji, mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mdomoni, na niliona imemgusa. Kisha akasema, "Pole sana, kaka. Lakini hayo ni mambo ya kijamii. Sisi tunafuatilia gharama za haki."

"Na hizi ni za nini?"

Akaipitisha kalamu kwenye karatasi yake toka juu hadi chini. "Hakuna mahali pa kuziandika," akasema.

Baada ya Idi shangazi akafunga mizigo. Msambweni alikuwa na binti wa nduguye, na Msambweni, alisema, hakuna aliyekuwa mahakamani siku ile. Nilimsihi. Nilimwambia nyumba ni yake, amri iko mlangoni, kesi itasikizwa karibuni na Caroline anasema ni nzuri. Nilimwambia akiondoka ndio amempa yule mnunuzi mchanga na nyumba juu yake. Alinisikiliza huku akikunja kanga. Vile vifuko hakuvigusa; alivipanga mlangoni.

"Chirau, huyo wamleteao mtele si miye. Na wampelekee huko mahakamani, walikomuona."

"Basi njoo siku ya kesi tu. Siku moja."

Akanibusu kipaji cha uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipotahiriwa.

Siku ya kesi nilifika mapema, nikakaa benchi la mbele. Nilikuwa nimempelekea habari kwa mtu na kwa simu ya duka. Kila buibui lililoingia nililitazama miguu, maana namjua shangazi kwa mwendo. Caroline alikuwa na karatasi zake tayari, akiniuliza kila mara kama yuko njiani.

Charo akatoka na faili. Hapo likanibainikia jambo ambalo sikulijua: kesi iliyofunguliwa kwa nafuu ile huandikwa hivyo juu ya jalada, na huitwa hivyo, mpaka inapokwisha.

"Mejumaa, fukara!"

Watu wakageuka kutafuta ni nani huyo.

"Mejumaa, fukara! Yupo?"

Caroline akanitazama. Ningeweza kusimama, nikasema yuko njiani, nikaomba saa moja. Sikusimama. Mimi nina shangazi aitwaye Mejumaa, mwenye nyumba Majengo, mshika funguo za stoo. Huyo aliyekuwa akiitwa pale sikuwa namjua.

Charo akaita tena, kisha akarudi ndani. Hakimu akaifuta kesi kwa kuwa mlalamikaji hakufika kutoa ushahidi, na amri ikafutika nayo. Mnunuzi hakuwa amefika hata yeye. Wakili wake alikuwa anatabasamu akifunga mkoba.

Kwenye ujia nikakutana na Jared. Alikuwa amechangamka, amezungukwa na wageni wawili wa wafadhili waliokuja kuiona Meza ya Wazi. Alinishika mkono, akaniambia mambo kwa haraka, nusu akinieleza mimi, nusu akiwaeleza wao. Kesi ile imekwisha ndani ya muda uliowekwa. Kwa mlalamikaji, gharama hakuna. Kuridhika, kwa kiwango cha juu. Katika zote alizozifuatilia, akasema, ile ni mojawapo ya zilizokwenda vizuri zaidi.

"Mama hajambo?" akaniuliza, na kalamu ilikuwa mkononi.

Nikatema mate, pale pale, kwenye sakafu yao mpya, kati ya viatu vyake. Wageni wakaruka nyuma. Askari alinishika ukosi akanitoa nje mpaka barabarani, nami nikaenda Majengo mbio, nikaing'oe ile milango ya mvule kwenye bawaba zake kabla watu wa mnunuzi hawajapanda juu ya paa.